Nilipaka Mafuta Kwenye Ringi ya Baiskeli ya Mwanangu

Mama Wilhelmina, shikamoo.

Nimekusoma gazetini miaka mingi hapa gengeni kwangu na mara nyingi nimewacheka wanawake wenzangu wanaokuandikia, nikasema huyu naye si angenyamaza tu na mambo yake, na leo nimekaa mimi na kalamu na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naomba usinicheke na naomba usinitaje jina, maana Bariadi ni mji mdogo na kata yetu ya Somanda ni ndogo zaidi.

Nina miaka thelathini na saba, nimeolewa ndoa ya kanisani, nauza mboga na dagaa, mume wangu Luhende hununua pamba vijijini msimu ukifika, na Mungu alitujalia watoto watatu. Wa kwanza ni Kabula, ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Barua hii ni ya Kabula.

Mwaka jana fundi wetu wa baiskeli, Novatus, aliomba uwanja nyuma ya shule, akachukua sepetu na vijana wachache wakarundika udongo wakatengeneza njia ya matuta na kona, halafu akaenda Mwanza akarudi na baiskeli za mtumba zile wanazoziita BMX, fupi, tairi nene, kiti kiko chini, breki moja tu ya nyuma inayobana ringi, na watoto wakajaa pale kila Jumamosi. Novatus ni mtu wa Lalago, mpole, hana makuu, lakini alikuja na sharti moja lililowachekesha watu mji mzima, kwamba mtoto hashindani mpaka mzazi wake naye ashindane, wazazi kwanza, watoto baadaye, alama za wawili zinajumlishwa. Alikuwa anatuambia, "Mzazi wa pembeni anajua kupiga kelele tu. Panda na wewe, ndipo utajua mwanao anaogopa nini." Wengi walisema amechanganyikiwa, mtu mzima na heshima zake apande kibaiskeli cha mtoto magoti yakigusa kidevu. Luhende alikataa kabisa, akanikataza na mimi. Mimi nilikubali, na mpaka leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Mama Wilhelmina, nikueleze ukweli, tangu nivunje ungo sikuwahi kucheza. Siku niliyovuka tuta la kwanza bila kuanguka, suruali ya Luhende chini ya sketi, Kabula anakimbia pembeni ananiambia "Mama usibane breki juu ya tuta, acha iende!", nilicheka mpaka machozi yakatoka. Tulikuwa tunarudi nyumbani kila mtu anakokota baiskeli yake, na huko njiani mtoto ambaye miaka yote hujibu "ndiyo mama" na "hapana mama" alikuwa ananiambia mambo, mwalimu gani anamtisha, rafiki gani amemgeuka, na kwamba kwenye kona ya pili huwa anafumba macho kidogo. Nilikuwa sijui kama mwanangu ni muoga wa kitu chochote. Novatus alisema kweli.

Tatizo lilikuwa mimi. Kila Jumamosi Kabula wa kwanza au wa pili, mimi wa mwisho, tukijumlisha tunaangukia katikati. Mwezi wa saba kukatangazwa mashindano makubwa, familia za Maswa na Itilima zije, na watakaoshinda waende Mwanza kuwakilisha mkoa, na wiki moja kabla nikamsikia Kabula nyuma ya nyumba anamwambia mwenzake, "Tungeshinda kama si mama." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anavyosema mvua haijanyesha, lakini liliniingia na halikutoka.

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu. Baba yangu marehemu alikuwa ningi, yaani manju wa ngoma, wa kundi la Bagika, na mimi nimekulia kwenye mashindano yale ya baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, watu maelfu, na sikuwahi kumwona baba akiingia uwanjani bila dawa yake ya mvuto, samba. Kwetu mtu haingii kwenye mashindano mikono mitupu, ni kama kwenda shamba bila jembe. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya, niko kwenye jumuiya, nilidhani yale mambo nimeyaacha huko nyumbani. Kumbe hayajaniacha. Nikaenda Zagayu kwa mjomba wangu Ngassa, aliyerithi mkoba wa dawa wa baba, nikamweleza. Hakucheka hata kidogo. Akasaga dawa yake akaichanganya na mafuta ya kondoo, akanitilia kwenye kikopo, akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, kinachozunguka ndicho kinachokimbia. Upake ringi zote nne, yako na ya mtoto, asubuhi ya siku yenyewe, na mtu asikuone." Baiskeli ya mjomba mwenyewe ni Phoenix kuukuu, breki zilikufa zamani, akitaka kusimama anakanyaga tairi kwa soli ya ndala. Yeye hakufikiria breki, na mimi niliyefundishwa breki mwaka mzima sikufikiria pia.

Siku yenyewe Novatus alikagua baiskeli zote asubuhi, moja moja, ananyanyua gurudumu la nyuma, analizungusha, anabana, likisimama anafunga uzi mwekundu kwenye usukani. Zetu zilifungwa uzi. Baada ya hapo nikazichukua nikasema naenda kuzifuta vumbi, nikazipeleka nyuma ya jiko la shule, nikapaka.

Wazazi tulianza. Nilitoka wa nne kati ya wanane, mimi ambaye sijawahi kumpita mtu, na Luhende ambaye hakuwahi kuja alikuwa amekuja siku hiyo na nilimsikia akiita jina langu. Baada ya mstari nikabana breki, baiskeli haikusimama, nikaburuza miguu nikaishia kwenye magunia ya pumba za mpunga waliyoyapanga mwisho wa njia, watu wakacheka, nikacheka na mimi. Nilidhani nimechelewa kubana.

Halafu watoto. Kabula alishinda, Mama Wilhelmina. Alishinda kwa mbali. Nilimwona anabana breki, naijua mikono ile, vidole vyote, na baiskeli ikazidi kwenda, yeye miguu yake ni mifupi haifiki chini akiwa kwenye kasi, akagonga gunia la pembeni, akarushwa mpaka kwenye kalavati ya zege iliyoko nje ya uwanja. Goti ndilo lililotangulia.

Tulikuwa hospitali hapa siku mbili, tukahamishiwa Mwanza wiki saba, wameweka vyuma, madaktari wamefanya walichoweza. Sasa tuko nyumbani. Goti linakunja kidogo tu, halafu linagoma. Wamesema atatembea kwa kuchechemea, ila kukanyaga pedali asahau.

Siku ile ile ya kwanza, kabla hawajamchoma sindano ya usingizi, aliniambia, "Mama nilibana. Nilibana kwa vidole vyote." Na mimi nikamjibu, "Labda ulishtuka mwanangu, ukasahau." Akauangalia mkono wake.

Jioni nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikaziosha ringi zote nne kwa majivu na maji ya moto.

Luhende alipomsikia mtoto akisema breki haikukamata, alikwenda moja kwa moja polisi, Novatus akalala mahabusu siku mbili, akatoka kwa dhamana. Tangu siku hiyo banda lake halina mteja, watu wanapeleka baiskeli zao kwingine, watoto wanamwita muuaji ingawa hakuna aliyekufa. Kabula aliposikia hayo akamwita baba yake kitandani akamwambia, "Baba, nilidanganya. Sikubana. Nilisahau. Fundi hana kosa." Luhende akasema mtoto amefundishwa la kusema. Lakini mimi najua hakufundishwa na mtu, najua anadanganya na najua kwa nini anadanganya, na kila akiulizwa anarudia hivyo hivyo, nilisahau, nilisahau, na sasa nikimtazama naona kama ameanza kuamini.

Jumamosi ijayo kuna mkutano wa wazazi kwa mtendaji wa kata. Wamekubaliana Novatus asaini kwamba alikuwa mzembe, Luhende afute shauri, yeye ahame Somanda, na trekta ije isawazishe yale matuta. Juzi nilikutana naye kisimani, sikuweza kumkwepa. Akaniambia, "Nitasaini, mama Kabula. Nimechoka. Kila siku najaribu kuikumbuka baiskeli ya Kabula asubuhi ile, na sasa hata mimi sina uhakika kama niliibana."

Nilikwenda tena Zagayu kumlilia mjomba. Akaniuliza, "Mayu, mama, kwani hakushinda? Dawa ilifanya kazi yake." Nikaondoka bila kuaga.

Mama Wilhelmina, kuna kitu nimekuandikia hapo juu ambacho si kweli na nikikiacha hivyo basi barua hii haina maana. Nilisema nilidhani nimechelewa kubana. Sikudhani. Pale kwenye magunia niligusa ringi kwa kidole, kikateleza, nikajua. Nilijua kabla Kabula hajapanda. Wakati ulikuwepo, watu walikuwa wanakunywa maji, wimbo mzima ulipigwa kwenye spika, Novatus alipita karibu yangu akanipongeza. Nilitaka kumwambia zuia watoto. Lakini angeuliza kwa nini, angegusa, angenusa kidole chake, na harufu ya mafuta ya kondoo hakuna Msukuma asiyeijua, na Luhende alikuwa amesimama na wanawake wa jumuiya yetu anawaambia yule ni mke wangu. Nikachukua kitenge nikafuta ringi ya Kabula upande mmoja, nikawa nimetandaza tu, wakaita watoto kwenye mstari. Nikajiambia yeye ni mwepesi, itasimama.

Sasa nauliza. Goti halitarudi hata nikisema. Nikisema nitafungwa, au nitaachwa, au vyote viwili, na watoto wadogo watabaki na nani. Je, siwezi kumsaidia Novatus kimyakimya, nikampelekea chakula, nikamwombea kwa mume wangu? Na Kabula si bora aendelee kuniamini kwa kuwa ndiye mtu pekee anayemwuguza? Nifanyeje, Mama. Sili, silali, kwaya nimeacha.

Mama Kabula, Somanda


MAMA WILHELMINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Namba ya simu uliandika, nikakupigia mara tatu hukupokea, nikakutumia ujumbe kwamba barua itatoka Alhamisi ili usije ukakutana nayo gengeni ghafla. Majina ya watu nimeyabadili yote. Mafuta na ringi na goti sikuweza kuyabadili, na wewe ulijua hivyo ulipoandika. Ni wangapi Somanda waliopanda kibaiskeli na sketi? Nimekaa na jambo hili siku mbili na nimeona hivi: ulitaka gazeti likusemee. Nakuelewa. Mdomo ukigoma, mtu hutafuta mdomo wa kuazima. Lakini mimi si wa kuazimwa kwa kazi hiyo, na utaona chini kwa nini.

Kwanza nikupe haki yako. Mwanamke anayekubali kuchekwa na mji mzima ili mtoto wake asiwe peke yake juu ya matuta, huyo ni mama. Hilo sitalifuta. Na ninyi wazazi mnaosoma huku mkitikisa kichwa, mkisema ndiyo maana mimi sijidhalilishi na baiskeli za watoto, nyamazeni kidogo. Kucheza na mtoto hakujavunja goti la mtu. Miezi ile ya Jumamosi ndiyo kitu pekee kwenye barua hii ambacho ningependa mkiige.

Kuhusu dawa sitabishana na wewe wala na mjomba wako. Wapo wanaosoma hapa wenye hirizi kwenye pochi na rozari shingoni, siku hiyo hiyo, na hawataki niseme zaidi. Mafuta yanateleza. Hilo halihitaji imani ya mtu yeyote. Ulikosea kwa kutojua, na kosa la kutojua lina dawa yake, mtu hulia, husema, husamehewa.

Lakini wewe ulijua, na uliniambia mwenyewe, mwisho wa barua, ulipochoka kunidanganya. Wimbo mzima wa spika. Mtu anaweza kufika Malampaka na kurudi kwa mawazo ndani ya muda huo. Ulimpima mwanao kwenye mizani na aibu yako, ukaona aibu ni nzito. Naliandika wazi hivi si kwa kukutesa, bali kwa kuwa hakuna mtu mwingine atakayekuambia, na usipoambiwa utaendelea kuliita jambo hili ajali. Lilikuwa ajali mpaka pale kidole chako kilipoteleza.

Na bado hapo si mahali paliponifanya niiweke barua yako mezani nikashindwa kuinyanyua. Ni pale mtoto amelala na goti limevunjika anakuambia nilibana, nawe ukamwambia labda ulisahau. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini hawakusema umlishe kwa mkono wako. Mtoto wa miaka kumi na miwili amebeba goti lake, amebeba uongo wako, na juu yake amebeba jina la Novatus, kwa sababu aliona hakuna mtu mzima anayetaka kulibeba. Amefanya hayo ukiwa umeketi pembeni yake unamwuguza. Unauliza kama si bora aendelee kukuamini. Mwanangu, yeye anakuamini wewe na haamini tena mikono yake. Mpaka lini?

Chakula cha kimyakimya usimpelekee Novatus. Huo ni ujira wa kunyamaza, na yeye hajauza kitu.

Sasa sikiliza, maana leo ni Alhamisi na mkutano ni Jumamosi.

Anza na Kabula. Kabla ya Luhende, kabla ya padri, kabla ya mtendaji. Magazeti hufika Bariadi na basi la mchana, na majirani wanasoma kwa sauti. Ikiwa ujumbe wangu uliupata, naomba Mungu uwe umeshamwambia. Ikiwa hukuupata, na unasoma haya umesimama gengeni, funga genge. Mtoto yule asilisikie hili kutoka kwa muuza nyanya.

Usimwambie mbele ya wadogo zake. Usianze na mjomba, wala na babu yake, wala na alivyosema nyuma ya nyumba kwamba tungeshinda kama si mama. Hilo la mwisho ukalizike, na gazeti hili lisiingie ndani kwako, usimwonyeshe kaburi lake mpaka unakufa, maana akilijua atalibeba nalo. Anza hivi: "Ulibana breki. Haikukamata kwa sababu mimi nilipaka mafuta. Nilijua kabla hujapanda, sikusema." Sentensi tatu. Usiongeze "lakini".

Usimwombe akusamehe siku hiyo. Kumwomba mgonjwa msamaha ni kumpa kazi nyingine. Akilia, kaa. Akigeukia ukuta, kaa. Akimtaka bibi yake aje amwuguze badala yako, mwite bibi, na usimwulize kwa nini.

Jioni mwambie Luhende. Usiende naye chumbani mkiwa wawili tu ikiwa ana mkono mwepesi, hukuniambia na mimi siwezi kujua. Mwite dada yake au mzee wa jumuiya awepo. Atakasirika, na ana haki. Atasema alikukataza, na hapo kumbuka kwamba alikukataza baiskeli, mafuta hakuyajua. Usikubali kosa ambalo si lako ili kulipunguza lililo lako.

Kesho Ijumaa asubuhi nenda ofisi ya ustawi wa jamii, waeleze kabla hujaenda polisi, uombe afisa mmoja afuatane nawe ukaandike maelezo. Mtu anayekwenda mwenyewe hupokewa tofauti na anayefuatwa. Siwezi kukuahidi kwamba hutafungwa. Mimi si hakimu, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Watoto wadogo, pangilia leo ni nani atakaa nao, kama mtu anayesafiri. Ukirudi, vizuri. Usiporudi kwa muda, wawe wameshajua wanakula wapi.

Jumamosi fika kwa mtendaji mapema. Ingia na Novatus, keti upande wake, watu wawaone mmeketi pamoja kabla mkutano haujafunguliwa. Simama useme kabla ile karatasi haijatolewa. Taja magurudumu yote manne na jiko la shule na majivu. Useme kwamba asubuhi ile alibana baiskeli ya Kabula na ikasimama, kwa sababu wewe ulikuwepo na uliona, na yeye mwenyewe hakumbuki tena. Mrudishie kumbukumbu yake. Halafu waombe wasilete trekta. Watakuzomea. Ukimaliza, usikae ukisubiri wakuonee huruma, rudi nyumbani, kuna mtu wa kuosha na kulisha.

Na ninyi watu wa Somanda, mtakaokuwa mmeshamjua mwanamke huyu mkifika mstari huu, msimwendee nyumbani kwa mawe wala kwa nyimbo. Mlimwendea Novatus hivyo hivyo, mkiwa na uhakika huo huo. Nendeni mkamwombe fundi radhi, na anayetaka kumwomba vizuri apeleke baiskeli yake ikatengenezwe.

Nimebakiza moja. Iko siku, labda wiki ijayo, labda akiwa na watoto wake, Kabula atakuuliza kwa nini hukupiga kelele. Utatamani kumjibu kwamba ulichanganyikiwa, au muda ulikuwa mfupi, au ni mambo ya ukoo ambayo hawezi kuyaelewa. Usimjibu hayo. Mwambie uliona aibu. Ni jibu dogo na ni baya sana, mwanangu, na litawaumiza wote wawili, lakini ndilo la kweli, na mtoto huyo umeshamdanganya vya kutosha.

Mama Wilhelmina